Boti ya Doria Katikati ya Gulio la Mikumi

Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine: yule mwanamke kwenye ile video, aliyevaa jaketi la kuokolea lililovimba mpaka masikioni, amekaa ndani ya boti ya serikali na boti yenyewe imelala juu ya mitumba, ni mimi. Ndiyo, mimi Mwanahawa, mama Zawadi, mwenyekiti wa kikundi. Aibu niliipata, tena ya kutosha ukoo mzima, na sikatai. Ila kuna watu wanaisimulia wanavyotaka wao, wanasema sijui tela lilikatika, sijui wanawake walichomelea kwa mate, na hilo ndilo silikubali hata kidogo, kwa hiyo kaeni niwaambie ilivyokuwa, halafu mcheke pale panapostahili.

Kikundi chetu kinaitwa Hatubahatishi (jina tulilichagua wenyewe, msiseme kitu). Tuko wanawake sita, karakana yetu iko Mikumi upande wa barabara ya kwenda Kidodi, na kazi yetu ni kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda vya chuma, lakini hasa matela ya kubebea miwa. Mimi kabla ya hapo nilikuwa nakaanga chapati pale malori yanapolala, Salome alikuwa anafua mashuka ya nyumba za wageni, na wengine hivyo hivyo. Jirani yetu wa ukuta ni fundi Kibwana, mwenye karakana kubwa kuliko yetu, ambaye siku tunafungua alisema msimu hauishi tutakuwa tumerudi majikoni. Misimu imekuja na imekwenda na bado asubuhi ananisikia nawasha mashine.

Sasa serikalini kuna zabuni zinazotengwa kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, unajisajili kwenye mfumo wa mtandaoni halafu unasubiri, na sisi tulisubiri mpaka tukasahau tunasubiri nini. Salome ndiye katibu (mtu wa milimani huyo, kasoma shule ya misheni, kwake yeye kitu kisichoandikwa hakipo), naye hakuchoka, kila Jumatatu anaingia kwenye simu yake anatafuta. Siku moja akanionyesha: matengenezo ya boti za doria za kikosi cha pwani pamoja na vifaa vyake, na humo ndani kipande kimoja kimetengwa kwa vikundi kama sisi, kutengeneza matela ya kubebea hizo boti. Kwanza tela moja la mfano, likipita ukaguzi yanafuata mengine.

"Mama Zawadi, boti?" Salome akaniuliza. "Sisi?"

Nikamwambia tela ni tela, aombe. Akaomba, na kwa jinsi dunia ilivyo, tukapata.

Barua ilikuja na masharti kurasa nyingi. Salome alitusomea yote kwa sauti, na alipofika ukurasa wa mwisho akasoma mara mbili: kikundi kitakachobainika kufanya udanganyifu, au kushindwa ukaguzi na pia marudio yake, kinaondolewa kwenye orodha ya vikundi vya zabuni. Kuondolewa maana yake hakuna tena geti la shule, hakuna dawati, hakuna dirisha la zahanati, na msimu wa miwa ukiisha sisi sita kila mtu anarudi alikotoka. Mimi moshi wa chapati naujua. Nikasema moyoni kwamba huko sirudi.

Wiki iliyofuata wakatuletea boti kuukuu, juu ya lori, ili tuchukue vipimo. Mikumi watu wamezoea tembo kuvuka barabara, hawashtuki, lakini boti ilipoteremshwa mbele ya karakana yetu gulio zima lilihamia pale. Watu wanapiga picha, wengine wamepanda wanashika usukani, nyani nao asubuhi tukawakuta wamejaa ndani wametulia kama abiria. Fundi Kibwana akapita, akaizunguka, akasema, "Poleni. Mnasubiri mafuriko?" Nikamjibu kwamba tunasubiri wewe utupishe.

Hapo ndipo nije kwenye komeo, maana bila komeo hamtaelewa kitu. Huku kwetu tela la miwa kitanda chake hakikai tu juu ya ekseli, kinakaa kwenye bawaba, na kwa mbele kinashikwa na komeo la chuma. Mkulima akifika mahali pa kushusha, hana watu wa kumsaidia, kwa hiyo dereva anarudi nyuma kidogo halafu anakanyaga breki kwa nguvu, komeo linaruka, kitanda kinainama, miwa yote chini, kazi imekwisha. Barabarani ili komeo lisiruke ovyo unachomeka pini, na hiyo pini tunaipaka rangi nyekundu ili dereva aione. Ukitengeneza tela lisilo na komeo huku, mteja anakuuliza umemaliza au bado.

Sasa kwenye michoro ya serikali kitanda cha tela la boti kimetulia tu, hakiinami. Nikauliza, boti inashukaje majini? Salome akatafuta kwenye makaratasi: inasukumwa na askari. Nikamwambia kwa nini askari wasukume wakati komeo lipo? Tukabishana siku mbili. Yeye anasema halimo kwenye vipimo, mimi nasema wakiliona watatushukuru, yeye anasema serikalini hata zawadi ni kosa kama haikuandikwa, mimi nasema mwenyekiti nani. (Ndiyo, nilisema hivyo, na najuta kidogo, kidogo tu.) Mwisho akanywea.

"Sawa," akasema. "Lakini uniahidi, ile pini isitoke mpaka tuwaeleze wenyewe."

Nikaahidi.

Siku ya ukaguzi waliipanga wao, na walipoipanga hawakujua kwamba ni siku ya gulio. Eneo wazi lenye nafasi ya trekta kukata kona ni lile la gulio, kwa hiyo tukapeleka tela na boti juu yake, tukakuta wauza nyanya, wauza maharage, mitumba imemwagwa chini kwenye turubai upande wa mteremko, na watu wa Msowero na Kidodi na kwingine kote waliokuja kununua mahitaji yao, wote wameacha walichofuata wanatuangalia sisi. Trekta tulilikodi pamoja na dereva wake, Mzee Athumani, ambaye amebeba miwa tangu sisi wengine hatujaolewa.

"Shikamoo mzee," nikamsalimia.

"Marahaba, mama Zawadi. Leo nimebeba samaki bila samaki," akasema, akapanda kwenye trekta lake.

Kutoka kikosini alikuja Kamanda, sare nyeupe isiyo na vumbi (sijui alipitia njia gani), na kutoka ofisini afisa manunuzi, binti mwembamba mwenye faili, mpole, kanipa shikamoo yangu vizuri. Lakini alipofungua lile faili upole ukafungwa. Anasoma, anashika kitu kwa mkono, anaweka alama. Ekseli, anashika. Magurudumu, anahesabu. Mikanda ya kufungia, anavuta. Kila anachokikuta kwenye tela anakitafuta kwenye karatasi, na akaikuta ndoano moja ndogo tuliyoiongeza ya kutundikia kamba, akauliza, "Hii iko kipengele gani?" Salome akasema tutaitoa. Akaandika. Kwa ndoano tu, jamani, aliandika mistari mitatu.

Mimi jasho likaanza. Komeo lenyewe tulikuwa tumelipaka rangi moja na fremu, ukiwa si mtu wa miwa hulioni. Lakini pini nyekundu ilikuwa imechomekwa hapo, na binti anaisogelea, ndoano tu imekula mistari mitatu, je pini? Na ya bawaba na komeo si itakuwa kurasa? Nikazunguka upande wa pili nikajifanya nafuta vumbi na kanga, nikaichomoa, nikaitia mfukoni mwa ovaroli. Basi. Hilo ndilo kosa langu lote, kitu cha urefu wa kidole, na nilifanya haraka hata sikupata muda wa kufikiri. Niliwaza tu kwamba ukaguzi ukiisha nitairudisha.

Binti akapita. Hakuona kitu. Nikashusha pumzi.

Kamanda naye akasema, "Vizuri. Sasa tufanye kama tuko ufukweni. Mikanda ifunguliwe, waya wa mbele ulegezwe, trekta lirudi nyuma taratibu kama linaingia majini. Nahitaji mtu mmoja ndani ya boti, maana sisi huwa anakuwepo mtu."

 Halafu nikasikia sauti ya fundi Kibwana kutoka kwenye kundi, simu ameishika juu anarekodi: "Nani apande kitu kilichochomelewa na akina mama? Tuna watoto sisi."

Watu wakacheka. Mimi nina ubaya mmoja, nikichokozwa kidogo tu akili inakaa pembeni. Nikasema, "Napanda mimi." Kamanda akanivalisha jaketi lake la kuokolea, la kisasa, jembamba, lina kikamba chekundu kwa mbele, akaniambia hiki usikiguse mpaka uwe majini. Nikapanda, nikakaa pale mbele kwenye usukani, nikampungia mkono Kibwana. Nakwambieni nilipendeza.

Salome alikuwa amesimama upande wa komeo. Nilimwona anaangalia, anainama, anaangalia tena, akatafuta chini kama mtu aliyedondosha kitu, halafu akainua macho akaniangalia mimi. Nikapeleka macho kwingine. Akaanza kukimbia kuelekea kwa Mzee Athumani huku anapunga mikono, lakini trekta lile ukilikalia husikii hata adhana.

Mzee Athumani akarudi nyuma taratibu kama alivyoambiwa, vizuri kabisa. Alipofika ukingo wa mteremko, Kamanda akainua mkono kumwambia simama, na mzee wa watu akafanya alichokifanya maisha yake yote akifika mwisho wa kurudi nyuma: akakanyaga breki kwa nguvu.

Komeo likaruka. Nilisikia ile "ka" yake, ninaijua, na nilikuwa na nusu sekunde ya kusema shahada lakini nikaitumia kutafuta pa kushika. Kitanda kikainama, boti ikaondoka. Jinsi ilivyoondoka, hata leo nikikumbuka najisifu, maana zile roli zinazobeba boti juu ya kitanda tulizitia grisi sisi wenyewe na haikukwaruza popote, ilishuka laini, ikagusa majani ya mteremko, ikaendelea, wauza nyanya wanakusanya vibanda vyao, mimi nimekaa kwenye usukani naukata kulia (unakata usukani wa boti nchi kavu, Mwanahawa, unategemea nini), mpaka ikaingia kwenye mitumba na kusimama. Mwenye mitumba alikuwa ameshakimbia. Mbele ya boti palikuwa pamening'inia sidiria mbili na suruali ya shule.

Na nilichoshika wakati naserereka kilikuwa kile kikamba chekundu. Nikasikia upepo, jaketi likavimba lote kwa mara moja, likanibana shingo, likapandisha mashavu yangu mpaka macho yakabaki mistari. Watu wanakimbia kunijia, wananiuliza mama uko salama, mimi nataka kujibu na sauti haitoki. Natikisa kichwa na hakitikisiki. Gulio lilipoona niko mzima ndipo kicheko kikaanza, na sijapata kukisikia kingine kama kile.

Yote hayo ningeyameza. Lakini nikiwa nimebanwa pale juu nikasikia kinachosemwa huko kwenye trekta. Kibwana anasema huyu mzee kazeeka, haoni, na wengine wanaitikia. Mzee Athumani ameshuka, kofia mkononi, anasema sijui imekuwaje, sijui imekuwaje. Na yule binti wa manunuzi ameshatoa kalamu, anamwambia Kamanda kwamba basi tuandike ni uzembe wa dereva, tela halina tatizo, kipengele kinapita.

Mnasikia? Tela linapita. Nilikuwa na njia nyeupe mbele yangu, nikae tu kimya ndani ya jaketi lile, hata kusema nilikuwa siwezi, na kikundi kinabaki kwenye orodha na matela mengine yanakuja. Salome alikuwa chini ya boti ananiangalia.  Yeye mwenyewe angeweza kusema, na hakusema, aliniachia mimi.

Nikaanza kugonga ubavu wa boti kwa mkono. Nikagonga mpaka Kamanda akaja, akafungua kijifuniko fulani hapa begani, upepo ukatoka taratibu mbele ya watu wote, na sauti yake mnaijua ni ya aina gani, wakacheka upya. Nikangoja uishe. Halafu nikaingiza mkono mfukoni nikatoa pini nikaiinua.

"Mzee Athumani hana kosa," nikasema. "Dereva wa miwa akirudi nyuma anafunga breki hivyo hivyo, kila mtu hapa anajua. Hii ndiyo pini ya komeo. Nimeichomoa mimi nikaificha, dereva hakujua."

Binti akaniangalia. "Mama, kwa nini uliichomoa?"

"Kwa sababu haimo kwenye karatasi yako."

"Na kwa nini mlitengeneza kitu ambacho hakimo?"

Hapo nilikuwa nimesimama ndani ya boti, kilemba kimetoka, sidiria za watu ziko mbele yangu, na ningeweza kulia, lakini hasira ndiyo ilikuja kwanza. "Kwa sababu aliyeandika hiyo karatasi hajawahi kushusha mzigo peke yake," nikamwambia. "Na tusisingiziane. Hakuna kilichokatika. Piteni mguse kila maungio, mkikuta hata moja limeachia nitafunga karakana leo. Komeo limefanya kazi yake. Mimi ndiye niliyekosea."

Kamanda akatembea hadi kwenye tela, akakiangalia kile kitanda kilivyoinama, akaangalia njia boti ilipopita, akauliza tu, "Ilisukumwa na watu wangapi?" Mzee Athumani akamwambia, "Hakuna mtu, bwana mkubwa."

Binti akaandika ukurasa mzima. Tela halijakidhi vipimo, kitanda kifungwe kisiiname, marudio baada ya siku kumi na nne, onyo tu kwa mwenyekiti kwa kuwa amekiri mwenyewe. Nikasaini hapo hapo juu ya mitumba. Kwenye sehemu ya maoni ya mzabuni nikaandika: komeo limefanya kazi. Salome akasema futa. Sikufuta.

Yaliyofuata mnayajua. Video ilifika Kilosa kabla sijafika nyumbani. Mama yangu alinipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuona. Ulivaa nini?"

Nikamweleza. Akasema, "Ungevaa ushungi vizuri basi," akakata simu. Mitumba yote iliyochafuka tuliifua sisi sita siku mbili (Salome alifua kuliko wote na hakunisemesha siku tisa, hata akitaka grenda alimtuma mwenzake). Mzee Athumani nilikwenda kwake kumwomba radhi mbele ya mkewe na wanawe, kwa sababu alidharauliwa mbele ya watu kwa ajili yangu. Alikubali, na akaniambia nisimwite tena kwenye mambo ya samaki. Kibwana mpaka leo akiniona anajifanya ameshika usukani. Mwacheni ashike.

Kitanda tukakifunga. Na hapa mnisikilize vizuri: karatasi iliandika kifungwe, haikuandika kichomelewe wala komeo liondolewe. Salome mwenyewe ndiye alikubali hilo, maana yeye na maandishi. Kwa hiyo tulikifunga kwa bolti nne nene, kimetulia tuli, tukaziandika kwenye orodha bolti nne, binti alipokuja tena akazishika moja moja, akaweka alama nne, tukapita. Tela likaenda pwani. Kikundi kiko kwenye orodha na matela mengine mawili yako uani kwetu sasa hivi, nendeni mkayaone.

Nimejifunza nini? Kupanda boti sipandi tena mpaka niione inaelea na mtu mwingine yuko ndani yake. Na nimekula kiapo kwamba kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu sikifichi tena mfukoni, kama nakiamini nakiweka mezani, wakikataa wakikatalie hapo. Ila kuomba msamaha kwa ajili ya komeo, hilo hapana.

Wiki iliyopita nikiwa nachomelea, simu ikaita. Kamanda. Nyuma yake nasikia upepo na wanaume wanahema, wanahesabu pamoja, moja, mbili, sukuma.

"Mama," akasema taratibu, kama hataki wenzake wasikie, "hizi bolti nne za hapa kwenye kitanda. Zikifunguliwa?"

"Nani anauliza, wewe au serikali?"

Akacheka kidogo. "Na ile pini, bado unayo?"

Nikaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli. "Ninayo," nikamwambia. "Andika barua."